Moto Kumi na Nane

Kwanza tuelewane: Bi Hekta hajawahi kuzima moto maishani mwake. Hata jiko la mkaa nyumbani kwake huwashwa na kuzimwa na mtu mwingine. Kazi yake ni kujua moto wa porini uko wapi, ni mkubwa kiasi gani, unaelekea wapi, na nani anatakiwa kuufuata. Kazi hiyo anaifanyia kwenye chumba kimoja chenye meza ndefu, redio ya mawasiliano, simu tatu, ramani iliyofunika ukuta mzima, na skrini inayopokea picha za setilaiti mara nne kwa siku. Penye joto la ajabu huwaka nukta nyekundu. Hilo jina la Bi Hekta alipewa na watu wa misitu, tena kwa hasira, kwa sababu ukimwambia moto umekula hekta hamsini hivi, atakuuliza "hivi" ndiyo ngapi.

Shida ya kazi hiyo si moto, ni watu. Watu wa misitu wana mkuu wao, watu wa hifadhi ya wanyama wana wao, watu wa zimamoto wana wao, na kila mmoja ana redio yake na kiburi chake. Zamani moto mmoja ukiwaka mpakani, huyu anauita hivi, yule anauita vile, jioni taarifa inatoka na mioto mitatu, na wakubwa wanaanza kupiga simu kuuliza kama nchi nzima inateketea. Bi Hekta akaita hiyo mioto hewa, kama wale wafanyakazi hewa wanaoishi kwenye makaratasi tu, na akaapa kuimaliza.

Akaweka sheria zake. Moto mmoja, jina moja. Aliyeuona kwanza ndiye anayeupa jina, na jina halibadilishwi hata liwe la kipuuzi. Gari haliondoki kwenye moto wenye jina mpaka itangazwe redioni, wote wasikie. Ndiyo maana kwenye kumbukumbu za kituo kuna Moto Soksi, na kuna Moto Nimekosa Harusi, na kila siku saa nne asubuhi Bi Hekta huyasoma majina hayo redioni kwa sauti kavu kabisa, na ole wake atakayecheka.

Sasa, Bi Hekta alikuwa na mama mkwe. Msianze kuguna, huyu hakuwa wa aina hiyo. Alikuwa fundi cherehani mstaafu, mjane, akiishi peke yake kwenye nyumba ya mbele kabisa chini ya Kilima cha Machimbo, upande wa mashariki. Mwanawe wa pekee, yaani mume wa Bi Hekta, ni dereva wa malori ya masafa marefu, na simu yake huko njiani haishiki. Basi mama akawa anampigia mkwe wake. Na kila akipiga, kuna moto. Wa kwanza ulikuwa jirani anachoma majani. Wa pili ulikuwa ukungu. Wa tano, vumbi la lori la kokoto. Wa tisa ulikuwa maharage yake mwenyewe yaliyoungulia jikoni.

Bi Hekta alimsikiliza kila mara, akamuuliza maswali yote ya kazi, akamshukuru, akakata simu, kisha akaandika kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari lake, chini ya kichwa kilichosema Mioto Hewa ya Mama. Ilikuwa imefika kumi na saba. Wakati wa chai aliwasomea wenzake ukurasa huo, hata watu wa redioni wakafunguliwa kipaza sauti wasikie, na watu walicheka mpaka machozi yakawatoka. Mimi sisemi kitu.

Wiki hiyohiyo mkuu wa kituo alimsifu mbele ya idara zote kwamba mioto kumi na mmoja ya kwenye makaratasi ameipunguza ikawa minne ya kweli. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Nyinyi mnajua.

Alhamisi, saa tatu asubuhi, Bwana Misitu, yaani afisa wa misitu ambaye kwa miaka saba amekuwa akisahihishwa na Bi Hekta, aliripoti moto upande wa magharibi wa kilima. Akauita Moto Machimbo, kwa jina la kilima. Boza la maji la zimamoto likaenda, tingatinga la misitu likaenda, watu wakaenda. Saa sita setilaiti ikapita, na skrini ikaonyesha nukta mbili: moja magharibi ya kilima, nyingine mashariki, karibu na machimbo yenyewe. Wakati huohuo Afande wa zimamoto akapata simu ya dereva fulani aliyeona moto machimbo.

"Niuandike huu wa dereva?" Afande akauliza redioni.

"Usiandike, ni uleule," Bi Hekta akasema. "Na hiyo nukta ya mashariki ni mawe ya machimbo yamepata jua. Yalishawahi kutudanganya."

Akaifuta. Alijisikia vizuri sana.

Saa saba na robo simu ikalia.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Mwanangu, kuna moto."

"Uko wapi, Mama?"

"Hapa mbele yangu, chini ya kilima. Moshi mweusi."

"Huo uko nyuma ya kilima, Mama, watu wako nao tangu asubuhi. Ni upepo tu unakuletea moshi."

"Upepo gani? Nimeanika shuka, na zote zinapepea kuelekea hukohuko kwenye moshi."

"Sawa, Mama. Funga madirisha. Nimeandika."

"Umeandika wapi?"

"Kwenye daftari, Mama."

"Haya," akasema mama mkwe, na akakata.

Bi Hekta akafungua ukurasa wa mwisho. Namba kumi na nane. Saa saba na robo. Chini ya kilima. Kwa kuwa ni mtu asiyeweza kuacha kisanduku cha fomu kikiwa kitupu hata akiwa anafanya utani, akatazama taarifa ya hali ya hewa ya asubuhi ili ajaze na upepo. Akaandika: kutoka mashariki. Kalamu ikasimama.

Nyumba ya mama iko mashariki ya kilima. Upepo ukitoka mashariki, moshi wa Moto Machimbo unakwenda magharibi, mbali naye. Hauwezi kupanda kilima kinyume na upepo ukamfuate mama mlangoni. Basi moshi anaouona mama una moto wake, na ile nukta haikuwa mawe. Halafu akasoma mstari wa chini wa taarifa ileile: saa tisa upepo utageuka, utatoka magharibi. Ukigeuka tu, moto ule utashuka moja kwa moja kwenye nyumba ya mama, na nyuma yake kuna nyumba nyingine nane.

"Mungu wangu," alisema kwa sauti. Aliogopa, na aliona aibu, na hakujua kipi kilitangulia.

Shetani akamnong'oneza: mpigie Afande simu ya pembeni, mwambie apitepite upande ule. Lakini boza lilikuwa kwenye moto wenye jina, na sheria ilikuwa ya nani? Yake. Akabonyeza kitufe.

"Kituo kwa wote. Kuna moto wa pili, mashariki ya kilima. Niliufuta mimi. Nimekosea."

Kisha Bwana Misitu: "Kituo, redio inakwaruza. Rudia hilo neno la mwisho."

Redio haikuwa inakwaruza hata kidogo.

"Nimekosea, Bwana Misitu. Nikuimbie?"

"Inatosha. Chanzo cha taarifa?"

Bi Hekta akafumba macho. "Shuka za mama mkwe wangu."

Hakuna aliyecheka. Afande akasema yuko tayari kugeuza, ila upande ule ni msitu wa hifadhi, na kuingia na boza kunahitaji barua ya watu wa misitu.

"Barua nitaandika mimi, muhuri nitagonga mimi!" Bi Hekta akapiga kelele. "Nyinyi nendeni, jamani, yule ni mama!"

"Nenda, Afande," Bwana Misitu akasema, safari hii bila mzaha. "Tingatinga langu liko nyuma yako."

Kuzunguka kilima ni mwendo wa saa nzima. Bi Hekta akampigia mama atoke.

"Nimeshatoka," mama akasema. "Kuku nimewafungulia, majirani wote nimewagongea, cherehani iko hapa na mimi barabarani. Nikienda mbali zaidi, nani atakuangalizia shuka?"

Basi wakakaa hivyo, simu sikioni, redio mkononi.

"Zinapepea wapi, Mama?"

"Kilimani."

Dakika kumi. "Na sasa?"

"Kilimani. Umekula wewe?"

"Mama!"

"Nauliza tu."

Saa nane na nusu, mama akasema, "Zimelala." Bi Hekta akawatangazia wote kwamba upepo umetulia mapema, nusu saa kabla ya watabiri.

"Mwanangu," mama akasema baada ya muda, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Sasa zinanielekea mimi."

Bi Hekta alibaki ameshika simu kwa mikono miwili, akisikia pumzi za mama, na nyuma ya pumzi hizo mlio wa majani makavu yakiungua. Halafu akasikia king'ora.

Ulikula hekta kumi na nne. Ulikula uzio wa mama, banda la kuku, na cheche moja ikatoboa shuka. Ukuta wa jikoni ukawa mweusi, lakini nyumba ikabaki imesimama, na zile nane nyuma yake pia.

Jioni Bi Hekta akapata lifti ya Afande mpaka pale. Alimkuta mama anafua shuka upya, kwa sababu zilinuka moshi. Akakunja mikono ya gauni, akashika upande wa pili wa shuka, wakakamua pamoja.

"Mama, wewe ndiye uliyeuona kwanza. Sheria inasema uupe jina."

"Andika Kumi na Nane."

"Kumi na Nane ndiyo nini?"

"Ni mara ya kumi na nane nakupigia. Kwani ulidhani unahesabu peke yako?"

Bi Hekta alitamani ardhi ipasuke immeze. "Nisamehe, Mama. Lakini zile nyingine... Maharage, Mama?"

"Maharage nilijua ni maharage, si niliyabandika mwenyewe?" Mama akaitandaza shuka kwenye kamba. "Nikikupigia kukujulia hali, unaniambia, 'Mama, niko kazini, nitakupigia.' Hupigi. Nikitaja moto, unaniuliza mpaka basi: niko wapi, niko na nani, tangu saa ngapi. Siku hiyo nalala vizuri."

Kesho yake saa nne, Bi Hekta akasoma orodha yake kama kawaida. Moto Machimbo, umedhibitiwa. Moto Kumi na Nane, hekta kumi na nne, umezimwa.

Karatasi zikasikika zikipekuliwa upande wa pili wa redio.

"Kituo," Bwana Misitu akasema, naye hakuwa anatania, "hii mingine kumi na saba iko wapi? Mbona mimi sina taarifa zake?"

"Hiyo haikuwa mioto, Bwana Misitu," Bi Hekta akajibu. "Zilikuwa salamu, na bado sijazijibu."