Sista Jina na Kitanda cha Sita

Saa moja asubuhi. Toroli la dawa linalia gurudumu moja katikati ya wodi ya wanaume, na mwanamke mnene mwenye viatu vyeupe anasimama mbele ya mzee aliyelazwa wiki ya pili sasa.

"Jina lako nani, baba?"

"Sista, hata mke wangu hanihoji hivi!" mzee analalamika. "Jana umeniuliza, juzi umeniuliza. Mimi ni yuleyule."

"Najua. Nitajie tu."

Mzee anataja, wodi inacheka, dawa inamezwa. Ndiyo maana hospitali nzima, kuanzia mlinzi wa getini hadi daktari mkuu, inamwita Sista Jina. Lake mwenyewe wengi hawalijui.

Haulizi kwa kujifurahisha. Miaka yake ya mwanzo kazini, akiwa peke yake na wagonjwa zaidi ya arobaini, alifanya kama walivyofanya wenzake wote: mgonjwa aliitwa kwa namba ya kitanda. Siku moja, wakati wa kupokezana zamu, aliambiwa wa kitanda cha sita ana kisukari, achomwe insulini. Akamchoma. Asichojua ni kwamba wagonjwa wawili walikuwa wamebadilishana vitanda kimyakimya, mmoja akitaka kuwa karibu na soketi achaji simu.

"Nilimwona anatoka jasho, anatetemeka," anasimulia huku akipanga vikombe vya dawa. "Nikamtundikia dripu ya sukari, nikamwita daktari, nikakaa naye mpaka akaomba chai. Halafu nikaenda mwenyewe kusema kosa langu. Nilijua kazi sina tena."

Aliitwa mbele ya kamati ya nidhamu. Chama cha wauguzi alikuwa akikisikia tu. Mkutano wake hata mmoja hakuwahi kukanyaga. "Nilikuwa nasema ni watu wa kunywa soda na kupiga porojo," anasema, na anaona haya kidogo hata leo.

Lakini siku ya kikao alimkuta katibu wa tawi, mkunga mfupi mwenye maneno makali, ameshafika kabla yake, amekaa mlangoni kapakata mkoba.

"Mdogo wangu," alimwambia, "wewe hukutaka kuja kwetu, basi sisi tumekuja kwako. Futa machozi, tuingie."

Ndani, mkunga hakudai kwamba hakuna aliyekosea. Aliuliza tu wodi ile ilikuwa na wauguzi wangapi siku hiyo, na ni nani aliyewafundisha kumwita binadamu kwa namba ya kitanda. Muuguzi alipewa onyo, akabaki kazini, na chama kikaendelea kuisumbua hospitali mpaka kila mgonjwa akavalishwa mkanda wa jina mkononi.

Wengine wangepata nafuu hiyo wakanyamaza zao. Yeye alirudi chamani na hajatoka tena. Leo ndiye mwenyekiti wa tawi, na leo ana kazi ngumu. Uongozi unataka kuanzia mwezi ujao kila wodi ibaki na muuguzi mmoja kwa zamu badala ya wawili. Chama kinaweza kupinga rasmi, ila kwa sharti kwamba nusu ya wanachama wahudhurie mkutano wa jioni. Mara ya mwisho walikuja wachache, wakaagana bila kuamua lolote.

"Utakuja, mwanangu?" anamuuliza muuguzi kijana aliye naye zamu.

"Sista, mimi nina mtoto, nina nguo za kufua, na nikitoka hapa miguu si yangu. Kwani ninyi si mpo?"

"Tupo. Na sisi tuna nguo za kufua."

Jioni, kwenye chumba cha kulia cha wafanyakazi, viti vinajaa polepole mno. Mwenyekiti anatazama mlango, anajifanya kufuta meza, anatazama tena. Wanaingia wa wodi ya watoto, wanaingia wa chumba cha upasuaji wakiwa bado na sare. Hatimaye idadi inatimia. Nyuma yao anajipenyeza yule muuguzi kijana, mtoto mgongoni.

Naye ndiye anayenyoosha mkono.

"Wiki iliyopita mwenzangu aliugua, nikabaki peke yangu," anasema. "Niliandaa sindano, nikampelekea mgonjwa siye. Nilikuwa nimeshamshika mkono. Sista alinizoesha kuuliza jina, nikauliza. La sivyo…"

Katibu wa sasa anashika kalamu, anauliza aandike msemaji ni nani. Binti anainamisha kichwa. Maneno hayo yakifika kwa uongozi yanaweza kumponza.

Sista Jina anasimama. "Andika langu kwanza," anasema, na kwa mara ya kwanza wengi wanalisikia jina lake kamili, mpaka la ukoo.

"Na langu," anasema wa wodi ya watoto. Anainuka mwingine, na mwingine. Zamu ya binti inapofika anataja lake kwa sauti, mtoto akishtuka mgongoni. Pingamizi linapitishwa, majina yote chini yake.

Sista Jina anastaafu mwakani, na mrithi anayemtaka ameshampata. "Huyu ndiye nataka nimwachie kiti," anasema wakirudisha viti ukutani, akimwonyesha binti kwa kidevu. "Mimi nilikuja chamani nikiwa nimeshakosea. Yeye amewahi."