Nyumba ya Baba Yenye Magurudumu

Juzi nilikuwa Kawangware kununua godoro la mgeni. Muuzaji akachana nailoni, harufu ya sponji mpya ikanipiga puani, na wakati huo huo fundi wa jirani alikuwa anapaka mlango rangi ya mafuta. Sponji mpya na rangi mbichi, zote pamoja. Nilisimama hapo kama mtu aliyesahau alichotumwa. "Mathe, uko sawa?" muuzaji akauliza. Nikamwambia mimi niko sawa, ni bei yake ndiyo haiko sawa. Lakini kusema kweli sikuwa pale. Nilikuwa Kabiria, mwishoni mwa miaka ya themanini, nimelala kifudifudi nyuma ya lundo la nyasi za ng'ombe, nikimchunguza baba yangu.

Niwaambie mapema msije mkanishangaa: mimi ni mtu wa kushuku. Nikiletewa zawadi, huangalia kwanza uso wa aliyeileta. Mume wangu husema nimekosa kazi ya polisi bure tu. Tabia hiyo nilifunzwa na Cucu, mama yake baba. Ploti tuliyoishi ilikuwa ya Cucu, na ng'ombe walikuwa wake, na vyumba vya kupangisha vilivyopangana mbele ya nyumba yetu, na neno la mwisho juu ya kila jambo pia lilikuwa lake. Alipenda kusema, "Mwanamume akianza kupiga mluzi bila sababu, hesabu kuku wako."

Na baba alikuwa ameanza kupiga mluzi.

Alikuwa fundi wa magari kwenye gereji moja karibu na Kirinyaga Road, mtu wa maneno machache mno. Mteja wake mmoja, mzee wa Kihindi wa Parklands, alikuwa anahamia Kanada na jamaa yake yote, akamwachia karavani yake. Ilikuwa nyumba ndogo ya bati jeupe, ya kukokotwa na gari, yenye magurudumu mawili na madirisha madogo ya duara. Baba aliikokota kwa stesheni wagoni yetu kuukuu Jumamosi moja alasiri, watoto wa Kabiria nzima wakimfuata kwa vifijo, akaiegesha kati ya zizi na vyumba vya wapangaji. Mama alitoka jikoni akijipangusa mikono.

"Hii ni nini tena?"

"Nyumba," baba akasema.

"Ya nani?"

"Utajua." Akaingia ndani kutafuta chai.

Ndugu zangu, kwa Wagikuyu huwezi kuleta nyumba bomani namna hiyo halafu useme "utajua." Zamani kila mke alikuwa na nyumba yake, na kila nyumba na jiko lake. Mwanamume mwenye mke mmoja akisimamisha nyumba ya pili, watu hawaulizi ni ya nini, wanauliza msichana ni wa wapi. Babu mwenyewe alimletea Cucu mke mwenza hivyo hivyo, alianza na nyumba. Kwa hiyo Cucu aliizunguka karavani mara mbili, akachungulia dirishani, akaona jiko dogo la gesi, akatema mate kando. "Iko na jiko," akaniambia kwa sauti ya mtu aliyeona nyoka. Kufikia Jumapili jioni, pale kwenye mfereji wa maji, wapangaji walikuwa wameshamhurumia mama hadi wakachoka.

Mimi nilikuwa na miaka tisa na hofu yangu ilikuwa moja tu, kwamba mama angeondoka. Mama hakuwa Mgikuyu. Alitoka ziwani, kwenye kisiwa, na kwao sikukumbuka tukienda hata siku moja. Wenzangu shuleni walikuwa na ushago wa pande mbili, kijijini kwa baba na kijijini kwa mama. Mimi nilikuwa na wa upande mmoja, na wenyewe ulikuwa hapo hapo Kabiria. Nikimuuliza mama habari za kwao alisema ni mbali, kisha ananituma chumvi dukani. Basi nikawa nalala nikijiuliza: akiletewa mwenzake, ataenda wapi? Na akienda, atatubeba mimi na wadogo zangu wawili, au atatuacha na Cucu na ng'ombe?

Kwa hiyo nikaanza kazi ya upelelezi. Kila jioni baba alirudi kazini, akavua ovaroli, akaingia kwenye karavani na kopo la rangi. Mluzi haukukoma. Alipotoka alifunga kwa kufuli na ufunguo akauvaa shingoni, kama vile ndani kuna benki. Siku moja alisahau, nikaingia. Rangi ya krimu. Godoro jipya la sponji, bado liko kwenye nailoni. Kitanda kilikuwa cha watu wawili, na sisi tulikuwa watano. Nilitoka pale nikiwa nimeshakata kesi.

Ushahidi wa mwisho niliupata mjini. Baba alinichukua Jumamosi kwenda kutafuta nati za chuma cha kukokotea, na tulipozipata, badala ya kurudi nyumbani tulipanda hadi Upper Hill, kwenye lango la hospitali kubwa. Akaniambia nimngojee kando ya mama mmoja muuza njugu. Akatoka msichana mrefu, mweusi wa kung'aa, amevaa sare ya wanafunzi wa unesi na sweta. Baba akakunjua kitambaa cha pazia, cha pinki, jamani, cha pinki! Msichana akakipapasa, akaitikia kwa kichwa kwamba kinafaa. Baba akampa blanketi jipya kwenye mfuko wa karatasi. Wakacheka. Baba alicheka hadi meno ya nyuma, meno ambayo sisi nyumbani tuliyaona Krismasi peke yake. Halafu yule msichana akaniona, akashika kifua, akataka kunijia, na baba akamzuia kwa mkono.

"Huyo ni baba yako?" muuza njugu akaniuliza.

"Ndiyo."

"Pole," akasema, akanipa njugu za bure.

Tukirudi, baba alininunulia sambusa mbili na kuniambia, "Mama asijue tulipitia huku." Nilizila zote kwanza. Kisha nikafika nyumbani nikamwambia mama.

Alikuwa anakata sukuma wiki. Hakuinua kichwa. "Ni wa umri gani?"

"Ni msichana tu. Mrefu kama wewe."

"Haya. Nenda uoshe miguu."

Nilitaka alie, au apige kelele, au amwagie mtu maji. Mama hakufanya lolote. Kuanzia siku hiyo aliongea na baba kwa adabu tupu, adabu ya mtu na mwenye nyumba wake, na hiyo ilinitisha kuliko ugomvi.

Shule zilipofungwa Desemba, baba akatangaza wakati wa chakula kwamba tunaenda likizo na karavani. Kuna kisiwa, akasema, na kina mchanga.

"Likizo?" Cucu akashangaa. "Kwani wewe umekuwa mzungu?"

"Kisiwa gani?" mama akauliza.

"Utaona."

Asubuhi ya safari mama alitoka na mfuko mkubwa wa zipu, mzito hadi aliuburuta. Baba alipotaka kumsaidia alimwambia aache. Cucu naye akanivuta kando, akaninong'oneza nisilale njiani, niangalie kila mahali tunapopita, ili tukiachwa nijue njia ya kurudi. Nilimwahidi. Tulipopita Kangemi tukikokota nyumba yetu polepole, wanawake wa sokoni walituonyesha kwa vidole wakiuliza kama tunahama. Mimi sikucheka. Nilikuwa nahesabu milingoti.

Tulilala njiani, kesho yake tukapita kwenye milima ya chai na migomba, kisha tukaanza kuteremka. Joto likaingia garini pamoja na harufu ya samaki. Hapo nikaona mama ameketi wima, ameshika mlango.

"Baba Njeri. Hii barabara naijua."

"Najua unaijua."

Ziwa likatokea. Tukavuka hadi kisiwani kwa njia nyembamba ya mawe, maji huku na huku, karavani ikiyumba nyuma yetu, na mama akasema maneno ambayo sijayasahau: "Kumbe unanirudisha kwetu."

Hata mtoto wa miaka tisa alijua maana yake. Mwanamume akimchoka mke humrudisha kwa wazazi wake, na mambo yakaishia hapo. Nikaona sasa hesabu imetimia: msichana wa Upper Hill atabaki Nairobi, sisi tutamwagwa huku.

Baba alifungua mdomo. Lakini wakati huo njia ilikuwa imeacha mawe na kuingia mchangani, na gari likaanza kuzama. Na baba, fundi mzima wa Nairobi, akafanya alichofanya kila mtu wa Kabiria gari linapokwama kwenye tope letu jekundu: alikanyaga mafuta kwa nguvu zote. Matope hushindwa hivyo. Mchanga haushindwi hivyo. Magurudumu yalichimba hadi gari likakalia tumbo, na karavani nayo ikalala upande, dirisha lenye pazia la pinki likitazama mbinguni.

Watu wakaanza kutoka kwenye boma lililokuwa mbele, nyuma ya ua wa minyaa. Wa kwanza, akikimbia na leso kiunoni, alikuwa yule msichana. Mungu wangu! Nilimkamata mama mkono nikapiga kelele, "Ndiye huyo! Ndiye huyo mwanamke!"

Mama hakunisikia. Alikuwa ameshatoka garini, viatu vimebaki, anakimbia. Walikutana katikati ya mchanga wakaangushana chini, wakilia na kucheka kwa Kijaluo, na mimi nikabaki mdomo wazi, kwa maana sikuwahi kuona wake wenza wakisalimiana vile.

"Huyu ni Atieno," mama aliniambia hatimaye, uso wote machozi na mchanga. "Ni mdogo wangu. Nilimwacha bado yuko shule ya msingi."

Hadithi yenyewe tulisimuliwa na Mjomba Ouma, kaka yao, akichimba mchanga chini ya gari huku akicheka. Mimi nilipokuwa mtoto wa miezi michache, baba alikuja na mama kuwaona wakwe. Mvua ikamfungia, giza likaingia, usingizi ukamshika, akajilaza kwenye nyumba ya mama mkwe wake hadi asubuhi. Kwetu Kabiria wangemfunika blanketi tu. Kule ziwani mkwe kulala chini ya paa la mama mkwe ni mwiko mkubwa. Ilikuwa aibu isiyosemeka. Baba aliondoka alfajiri, mama akaondoka naye, na hakuna aliyejua pa kuanzia kurudi. Mpaka Atieno alipokuja kusomea unesi Nairobi, baba akamtafuta na kumuuliza: je, mtu akija na nyumba yake mwenyewe, akaisimamisha nje ya ua? Wazee wa kisiwani walilikalia jambo hilo wakicheka hadi wakakohoa, kisha wakakubali. Hata hivyo wengine walisema hawakubali mpaka waione kwanza hiyo nyumba.

Nyanya wa ziwani mwenyewe alisimama mbali, penye ua, leso kichwani, kwa sababu hakupaswa kumkaribia mkwe wake ovyo. Aliinua mkono. Baba akavua kofia, akainamisha kichwa.

"Gari ni zito," Mjomba akasema. "Shusheni mizigo yote."

"Ule mfuko wangu uacheni," mama akasema haraka. Lakini Mjomba alikuwa ameshauvuta, na zipu ikapasuka.

Vitu vikamwagika mchangani. Rinda lake la kanisani. Sweta nzito, na pale jua linawaka. Cheti chake cha shule kwenye karatasi ya plastiki. Kadi zetu za kliniki na vyeti vyetu vya kuzaliwa, vimefungwa pamoja kwa raba. Na sare zetu za shule, zangu na za wadogo zangu, zimepigwa pasi na kukunjwa vizuri, mwezi wa Desemba. Nilicheka kwa sauti. Nilidhani mama amechanganyikiwa kwa haraka ya safari, na nikamwambia hivyo mbele ya watu wote.

Hakuna aliyecheka nami. Baba alichuchumaa. Aliokota kimoja kimoja, akakikung'uta mchanga, akaingia nacho kwenye karavani iliyolala upande na kukipanga kwenye kabati. Alifanya hivyo mpaka mfuko ukabaki mtupu.

"Ningekwambia," akasema.

"Ungeniambia," mama akajibu.

Kisha vijana wakashika, tukasukuma, na kufikia jua la jioni nyumba ilikuwa imesimama mahali pake, nje kidogo ya ua, ikitazama ziwa. Sisi watoto tulilala kwa nyanya. Baba na mama walilala kwenye kile kitanda cha watu wawili, na asubuhi nyanya aliwapelekea uji, akauweka hatua kadhaa kutoka mlangoni, akarudi.

Ilinichukua miaka mingi kuelewa. Nilikuwa natayarisha wanangu wafungue shule, nimeshika sare ndogo mkononi, mara nikaketi kitandani. Mimi niliyejiona mpelelezi nilikuwa nimemchunguza mtu asiye na kosa, na yule aliyekuwa anaondoka alikuwa ameketi kiti cha mbele. Mama alitoka Kabiria akiwa ameshaamua. Angetubeba sote watatu, hilo ndilo jibu la swali lililonikosesha usingizi, na nililiona kwa macho yangu nikacheka. Lakini baba hakuhitaji miaka kulielewa. Alivishika vitu vyote kwa mikono yake siku ile, kimoja kimoja, na katika mfuko mzima ule hakuokota hata soksi yake moja.