Saa Moja ya Stima

Mchana wote balbu iliwaka juu ya meza ya karani wa mizani, jua likiwa limejaa nje, na hakuna aliyeizima. Ilinisumbua. Mimi ni mtu wa kusumbuliwa na vitu vidogo. Nikifagia sakafu ya kiwanda, pembe moja naweza kuirudia mara nne.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini niliishi na mama katika chumba kimoja cha laini, zile nyumba za safu za wafanyakazi, kwenye shamba la chai karibu na Kericho. Mimi nilifagia kiwandani. Yeye alichuma majani bondeni na kuyapandisha mgongoni hadi kwenye mizani, mara tatu kwa siku. Chumbani tuliwasha koroboi. Shule niliachia darasa la saba, na sayansi nilijifundisha kwa kitabu kisicho na jalada. Nilitaka mama aone kwamba sikuwa mfagiaji tu. Hiyo ndiyo iliyokuwa shida yangu yote.

Kitabu kilisema kazi ya stima na kazi ya mgongo hupimwa kwa kipimo kimoja. Basi nikaamua kuipima ile balbu ya wati mia kwa kikapu cha mama. Kimo cha mlima nilikipima kwa ufito wa mwanzi na chupa ya maji iliyolazwa kunionyesha usawa, Jumapili tatu, kwa sababu kipimo cha kwanza sikukiamini na cha pili nilikiamini kidogo zaidi. Mita hamsini. Uzito nilimwachia karani: kilo ishirini za majani, baada ya kutoa kilo mbili za kikapu, kama alivyomtolea kila mchumaji.

"Wewe toa tu," mama mmoja kwenye foleni alimwambia karani siku hiyo ya kupima. "Iko siku utatoa na mwenye kikapu."

"Nikikutoa wewe, mizani itapumzika," karani akajibu.

Foleni nzima ikacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa naandika.

Ili balbu iwake kwa muda wa saa moja, mama alipaswa kupanda mara thelathini na saba. Nilirudia hesabu mara sita, kisha nikamsomea jioni akisonga ugali. Nilikuwa natabasamu.

"Hizo ni siku ngapi?" akauliza.

"Karibu wiki mbili za kazi, mama."

"Kwa saa moja ya ile taa ambayo hawazimi."

"Ndiyo."

Aligeuza ugali. "Haya. Nawa mikono, baba."

Tangu jioni hiyo hakunisimulia tena habari za bondeni. Mwisho wa mwezi aliacha kazi, akarudi nyumbani Kisii kulima wimbi. Alisema ni shamba tu. Huenda ni shamba tu. Nilibaki nikisonga ugali wa watu wawili na kula kiporo asubuhi, kitanda chake kikiwa kimetandikwa.

Jumapili moja niliupanda mlima ule mikono mitupu. Nilipofika juu nilikuwa nahema, na sikuwa nimebeba kitu. Nikaketi chini penye nyasi. Ni nini basi kilichonichosha? Ni mimi mwenyewe niliyejibeba. Mama naye alijibeba, kila safari, na mimi nilimhesabia majani peke yake. Kikapu nilikitoa. Mwenye kikapu nilimtoa.

Jirani yetu alipokuwa akienda Kisii, nilimtuma. "Mwambie mama nilikosea hesabu. Mwili wake sikuuweka. Na umwulize ana kilo ngapi."

"Nimwulize mama yako kilo?" Alinitazama kama mgonjwa.

Baada ya wiki mbili alirudi na unga wa wimbi niliotumiwa. "Amesema miguu yake ilijua hesabu hiyo kabla yako. Kilo zake hasemi."

"Na kurudi?"

"Hakusema. Alikuwa na jembe mkononi."

Kwenye daftari, mahali pa uzito wake bado pako wazi. Nimejaribu hamsini, nikajaribu sitini, nikiirudia ile hesabu ya balbu. Kila nikiongeza, safari zake zinapungua.