Folda ya Sauti ya Bwana Abdulhalim

Saa mbili asubuhi, ukumbini kwa Bi Alawiya kijijini Mbwajumali, kisiwani Pate, Thuwaiba Yassir anakataa kugusa karatasi. Kasha la nyaraka za ukoo limeshafunguliwa, ndugu wamekaa, kahawa imeshazunguka. Yeye macho yake yapo kwenye kompyuta, anasubiri mstari mmoja tu: "Folda zote zipo." Unapotokea, ndipo anaponawa mikono.

Thuwaiba, 29, mzaliwa wa Lamu mjini, hupiga picha nyaraka za kale za familia za visiwani na kuwarekodi wazee wakizisoma, maana zimeandikwa kwa herufi za Kiarabu na vijana wengi hawaziwezi. Programu aliyoiandika mwenyewe huchukua picha na sauti na kuziweka kwenye folda za kila kijiji.

Mwaka jana alikuja hapa hapa. Nyumba hii ina desturi yake: kasha halifunguliwi mpaka matawi yote manne ya ukoo yawepo. Kuwakusanya kulichukua miezi mitano, wengine wakitoka mbali, Kiunga. Bwana Abdulhalim, kakake Bi Alawiya, alisoma karatasi 41 kwa saa mbili, akieleza nani alipanda minazi ipi na nani alimnunia nani. Watu walicheka mpaka machozi.

Picha zilihifadhiwa. Sauti haikuhifadhiwa hata neno moja.

Folda ya picha ilikuwepo. Ya sauti alisahau kuitengeneza. Programu haiwezi kuandika faili mahali pasipokuwepo, na kwa kawaida husimama na kulalamika. Lakini Thuwaiba, aliyechoka kukatizwa kazi, alikuwa ameiamuru ikikutana na kosa iliruke, iendelee. Mwishoni ikaandika "Tayari". Akaiamini, akafuta rekodi kwenye kinasa sauti apate nafasi ya kazi ya kisiwa cha Kiwayu.

"Niliiziba mdomo mwenyewe," anasema. "Ilitaka kuniambia, nikaikataza."

Alipogundua, wiki tatu zilikuwa zimepita, na Bwana Abdulhalim alikuwa amezikwa siku nne nyuma. Wengi wetu tungezima simu na Pate tusionekane tena. Yeye alipanda boti, akaja kusema.

Bi Alawiya, Thuwaiba anakumbuka, alimwambia kwa lahaja ya huko, ambako njia huitwa ndia: "Mwanangu, sauti imeshika ndia yake. Lakini kasha lingalipo, na mimi ningalipo."

Marekebisho yenyewe ni mistari michache. Sasa programu huangalia kwanza kama folda ipo. Ikikosekana huitengeneza, na ikishindwa husimama na kusema. Wala Thuwaiba hafuti kitu kabla hajaifungua faili na kuisikiliza.

Leo, mahali pa marehemu amekaa binti yake, Huwaida. Bi Alawiya anasoma polepole, anakwama, anajaribu kukumbuka kaka yake alivyosema, anaendelea. Si kama yeye, na hakuna anayejifanya ni sawa.

Thuwaiba anatarajia kumaliza vijiji vya Pate kabla ya Maulidi na kulipatia kila tawi nakala yake, ili wajukuu wasisubiri kasha lifunguliwe. Tena anawaomba ndugu wapekue simu zao: huenda marehemu alimtumia mtu ujumbe wa sauti.

Mpaka sasa amepata mmoja, kutoka kwa Huwaida, wa sekunde kumi na moja. Bwana Abdulhalim anaagiza majani ya chai, na anamwambia bintiye asisahau kama siku ile.

Folda ya sauti ya marehemu ina faili hiyo tu. Tangu jana Thuwaiba ameisikiliza mara tatu. Anasema ni kuhakikisha imeingia.