Jua la Mlali Huchelewa

Kristina hakuwa mvivu. Nalisema hili mwanzo kabisa, maana sisi watu wa Mlali midomo yetu haina pazia, na yule binti tulimsema mpaka mate yakatukauka. Alizaliwa Kinole, upande ule mwingine wa milima ya Uluguru, unaotazama mawio. Kule jua likichomoza tu kutoka nyanda za Ngerengere, linapiga hodi mlangoni. Tangu utoto wake Kristina aliamshwa na mwanga kwenye ufa wa mlango. Akiuona anaruka, anafagia uwanja, anakwenda mtoni, na hakuna mtu wa Kinole aliyewahi kumwita mlalaji.

Akaolewa na Dominiko, akaletwa kwetu huku nyuma ya mlima. Na huku, ndugu yangu, mlima wenyewe ndio umelikalia jua. Kunapambazuka, kunakucha, watu wanalima mpaka jasho linawatoka, ndipo jua linachungulia kule juu kama mtu aliyelazimishwa. Kristina akawa anausubiri mwanga wake kwenye ufa wa mlango, vilevile kama kwao. Ulipomfikia, sisi tulikuwa tumekwisha kula viporo vyetu shambani na kurudi kwenye jembe.

Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa. Jioni Mzee Pazi, msimamizi wa kazi za kijiji, alipima ngwe katika shamba la kijiji kwa kamba na vijiti, kila mtu na kipande chake cha kulima kesho yake. Alfajiri yeye huyohuyo aligonga kipande cha reli kilichotundikwa penye ofisi ya kijiji, nasi tukatoka. Asiyemaliza ngwe yake alisomwa jina mkutanoni, mbele ya wakwe na watani. Wallahi, Mlali ilikuwa afadhali kuumwa na nyoka kuliko kusomwa jina.

Kristina ile reli aliisikia kwa mbali, usingizini, akageukia upande wa pili. Alifika shambani wa mwisho kila siku, macho yamevimba, na wanawake wakampokea kwa vicheko. "Karibu Bi Jua! Tulikuwa tunasema kumbe leo hakuchi!" Naye alicheka nao kwa aibu, akashika jembe.

Lakini jina lake halikusomwa hata siku moja. Kila alipofika, alikuta ngwe yake imebaki kipande kidogo cha kumaliza tu. Alipomwuliza mumewe, Dominiko alimjibu bila kupepesa jicho: "Mwali mgeni hupimiwa ngwe fupi mwaka wa kwanza. Ndiyo desturi yetu huku." Kristina akaamini, maana kwao Kinole pia mwali hudekezwa kidogo kabla ya kutwishwa mizigo. Tena binti wa watu ana adabu zake, akamfuata Mzee Pazi kushukuru.

"Shikamoo mzee. Asante kwa ile ngwe fupi mnayonipimia."

"Marahaba, mwanangu," alisema Mzee Pazi. Akamtazama Dominiko aliyekuwa kasimama nyuma ya mkewe, akakohoa kidogo, akanyamaza. Alijua. Wengi tulijua, na tulinyamaza kwa sababu Dominiko alituomba.

Masika yalipoanza, Dominiko alishikwa na kifua. Mganga wa zahanati alimpa dawa, akamkataza umande na baridi ya alfajiri. Mzee Pazi naye hakuwa na roho mbaya. Alimwondolea ngwe yake mpaka apone. Kristina akashukuru Mungu, akawa anampikia uji na kumfunika mablanketi. Hata hivyo kifua kilizidi. Alikohoa mpaka anashika ukuta, na mkewe hakuelewa ni kwa nini, maana mtu alikuwa amelala ndani tu.

Aliyemfumbua macho ni Asia, jirani yao wa ukuta kwa ukuta, mwanamke wa Kiislamu mwenye ulimi usiozunguka. Walikuwa wanachambua mboga uani, mara Asia akaweka ungo chini.

"Kristina, mimi naamka alfajiri kusali. Kila nikitoka kutawadha namwona mumeo anapita na jembe. Tangu ulipoolewa. Analima ngwe yako gizani, kisha anarudi kujilaza kabla hujafumbua jicho. Ngwe fupi, ngwe fupi! Nani kakwambia Mlali kuna ngwe fupi? Sasa yu mgonjwa na bado anakwenda. Utamwua mtoto wa watu."

Kristina aliingia ndani akamwuliza mumewe, naye Dominiko akacheka mpaka kicheko kikageuka kikohozi.

"Sasa mke wangu, ningekuacha usomwe jina? Umeliacha jua lenu ukanifuata mimi. Nami nikashindwa hata kukulimia?"

"Hutakwenda tena, Dominiko. Nakuapia."

"Basi amka kabla yangu," alisema, akitania.

Hapo ndipo ilipoanza kazi. Kristina alitaka jambo moja tu duniani: aamke kabla ya mumewe, ili mume alale, ili apone. Jioni ile alikunywa maji kata nzima, akiamini yatamwamsha. Yalimwamsha kweli, mapema mno, akatoka, akarudi kulala, na usingizi wa pili ukamzamisha kabisa. Alipozinduka mkeka upande wa Dominiko ulikuwa mtupu. Alikimbia peku mpaka shambani, akamkuta katika manyunyu, ameegemea mpini, anahema. Alimpokonya jembe, akalia kwa sauti mbele ya watu waliokuwa wanaanza kufika. Siku hiyo hakuna aliyemwita Bi Jua.

Akaenda kwa Asia. "Dada, nigongee ukuta ukiamka. Gonga mpaka nyumba ianguke."

"Muadhini anasema kila alfajiri, sala ni bora kuliko usingizi," alijibu Asia. "Wewe Mkristo husali nasi, lakini maneno hayo safari hii yanakuhusu. Nitagonga."

Akawa anagonga kwa mchi wa kinu, gu, gu, gu, mpaka udongo ukawa unadondoka. Mwanzoni Kristina aliamka kichwa kizito kama mtu aliyenyweshwa pombe. Alijikwaa, alivaa kanga kinyume, alilia kwa usingizi akiwa njiani. Ukimzidia, alijimwagia maji ya mtungini usoni, akajitukana mwenyewe, akaenda. Hivyo hivyo, siku baada ya siku, mwili ukasalimu amri. Ikafika asubuhi alipofumbua macho mwenyewe, giza bado, ukuta kimya. Akasikiliza. Dominiko amelala, pumzi inapanda na kushuka. Kristina alikaa kitako pale mkekani akatabasamu gizani peke yake, kisha akatoka kwa kunyata. Asia alipokuja na mchi wake, akakuta mtu ameshaondoka.

Reli ilipogongwa siku hiyo, ngwe ilikuwa imebaki hatua chache. Mzee Pazi alipofika shambani alisimama akashika kiuno. "Ala! Kumbe wa Kinole nao wanaweza!" Wanawake wakampigia vigelegele, vya utani na vya heshima pamoja.

Na Dominiko akaanza kupata nafuu, au sote tuliona hivyo. Alikuwa analala mpaka kunakucha. Alikula ugali akamaliza. Mchana alitoka kukaa barazani, akatania wapita njia: "Mke wangu siku hizi ananipita, nimebaki bwana wa kulala." Kristina alimsikia akafurahi moyo wote. Alidhani amemshinda adui.

Asubuhi moja, manyunyu yanaanguka, alikuwa anajifunga kanga atoke. Dominiko akamshika mkono.

"Kristina, leo usiende. Lala na mimi kidogo, mpaka jua litoke."

Kristina akacheka. "Hila zako hizo! Nikipitiwa tu, utatoroka na jembe ukanilimie."

"Sitatoroka."

"Nakujua wewe, baba. Lala."

"Kidogo tu, mke wangu."

Akautoa mkono wake taratibu, akamfunika blanketi mpaka kidevuni. Na ili asidanganyike, alichukua majembe yote mawili, lake na la mumewe, akayatia begani. Alilima siku ile kwa nguvu za ajabu. Alimaliza ngwe yake kabla ya wengi kufika, akawa anawaambia wenzake kwamba Dominiko alitaka kumchezea shere lakini safari hii amemweza. Tukacheka naye.

Jua lilikuwa linachungulia juu ya mlima alipofika nyumbani. Aliita kutoka uani, "Bwana wa kulala!" Hakujibiwa. Dominiko alikuwa amegeukia mlango, blanketi lile lile kidevuni, mkono umenyooka juu ya mkeka upande wa mkewe. Alikuwa amekwisha poa.

Tulimzika kwa heshima zote, padre akaja, Waislamu na Wakristo tukabeba jeneza pamoja. Matangani wanawake walimsifu mjane, kama ilivyo desturi, wakimpa moyo. Mzee Pazi mwenyewe alikuja kuketi karibu naye, akasema, "Mwanangu, usijilaumu. Umempumzisha mumeo mpaka siku ya mwisho. Kijiji kizima hakuna mke mwenye kuamka kama wewe." Alisema kwa nia njema, masikini mzee yule.

Kristina alimwitikia kwa kichwa. Mzee alipoondoka, alimgeukia Asia aliyekuwa ameketi naye kwenye jamvi.

"Dada," alisema, "aliniomba nilale. Tangu anioe hajawahi kuniomba kitu, ila asubuhi ile moja. Aliniomba nilale, nami nikaamka."

Asia alimvutia kifuani, wakalia wote wawili.