Kitambaa cha Meza kule Tshangalele

Ilikuwa wiki ya tatu mama yangu wa ubatizo akilala kwenye sakafu ya kituo cha treni cha Likasi, akingoja treni ya kumpeleka mkoa wa wazazi wake, ambao hakuwahi kuuona. Yeye alizaliwa Likasi. Siku moja vijana walimwambia hapa si kwake, wakaingia nyumbani, wakabeba hata sufuria yenye mboga ndani. Sisi majirani tulichungulia dirishani. Nasema sisi ili nisiseme mimi.

Kiwanda tulichokitegemea kilikuwa kimenyamaza, mshahara umebaki hadithi, na kwetu tulikula bukari, ugali wetu, mara moja kwa siku. Kwa hiyo rafiki yangu, niliyesoma naye kwa mapadri, alipokuja asubuhi na pikipiki akasema, “Panda, tuende tukule samaki ku Tshangalele, miye njo nitalipa,” sikuuliza la pili. Nilipanda hata uso sijanawa.

Barabara ilikuwa takataka tupu. Tangu Kamatanda, ukitoka tu Likasi, tulimeza vumbi, mnyororo ukachomoka mara mbili, na rafiki yangu akaimba njia nzima kwa furaha ya kuudhi. Tulifika mchana, matako yamekufa ganzi, kwenye mji mdogo kando ya ziwa. Restora yenyewe, mkahawa wa samaki, ilikuwa ukuta mmoja wa matofali na mitatu ya mabati. Mwenye nayo alikuwa anapara samaki mlangoni, nzi wamemfunika mpaka viwiko, na mafuta yake ya kukaangia yalikuwa meusi kama ya injini. Nilipata kinyaa, lakini mate yalinijaa mdomoni vilevile.

Tulipoketi ndipo nikaona kitambaa cha meza. Kilikuwa na bata wawili wa buluu, mmoja ana miguu ya kijani. Mama yangu wa ubatizo alikidarizi kwa ajili ya komunyo yangu ya kwanza, na mimi ndiye niliyetumwa uzi wa buluu nikarudi na wa kijani. Alicheka, akadarizi hivyo hivyo. Sasa bata walikuwa wamelowa mafuta ya mawese, na pembeni mtu alikuwa amepengea kamasi.

“Mama, hii nappe mulitosha wapi?” nikamuuliza mwenye restora, nimeshika pindo la kitambaa.

“Ilitokaka ku Likasi,” mwenye restora akajibu, akipangusa kisu kwenye ncha ya kitambaa. “Bale bantu banaenda, bintu byao binabakia bule. Iko muzuri, hein?”

Nilimnong'oneza rafiki yangu kilikuwa cha nani. Nikamwambia ninakivuta sasa hivi, tunaondoka nacho. Hapo sahani zikatua, samaki mzima mzima, na rafiki yangu akanyoosha mkono kwa samaki. “Weye kula kwanza. Kama hatukule, njo itamurudilia?”

Nikala. Nilikula mpaka kichwa, nikanyonya macho, nikafyonza vidole. Sahani ilipobaki mifupa, sikuwa tena na mdomo wa kudai kitu. Ningedaije, kidevu kinang'aa mafuta ya yule mama? Tukaaga, tukamshukuru. Ndiyo, tulimshukuru! Nyuma ya pikipiki nilijichukia kiasi kwamba kila rafiki yangu alipoanza kuimba nilitamani tuanguke.

Alinishusha kituoni jua halijazama. Mama yangu wa ubatizo alikuwa ameketi juu ya kifurushi, amekonda, midomo imepasuka. Aliniangalia vumbi kutoka kichwani hadi miguuni.

“Mutoto yangu, ulikula?”

Ningesema nimekula, angeuliza wapi. “Bado, mama,” nikamwambia, mwiba wa samaki bado uko katikati ya meno.

Akafungua kitambaa chake cha kichwani alimohifadhi kibonge cha bukari baridi, chakula chake cha siku ile. Akakimega, akanipa upande mkubwa, akanitazama mpaka nikamaliza.