Hatari ya Mtu Unayemjua

Jentrix Ajwang alizaliwa katika nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha majani chai. Wazazi wake walitoka upande wa ziwa, lakini yeye alikua akiongea Kikipsigis, lugha ya huko Bureti, kama mwenyeji. Hilo lilimfaa alipoajiriwa kuwa mshauri wa wanafunzi katika chuo kimoja karibu na Kapkatet, akaanza kutafiti kinachowaweka wasichana wa chuo katika hatari ya kudhulumiwa kingono.

Mkuu wa chuo, Bwana Kipkurui, tayari alikuwa na jibu lake. "Ni ile njia ya kupita kwa mashamba ya majani chai," alimwambia. "Tuweke taa, tufunge geti mapema, basi."

Jentrix hakubishana. Muhula mzima alikaa na wasichana, mmoja mmoja, akawasikiliza. Wachache mno walitaja njia hiyo. Walitaja mchumba, mwanafunzi mwenzao, jamaa wa kanisani. Wengi waliona mapema mambo yanaharibika, ila waliogopa kuonekana hawana adabu.

Alirudi kwa mkuu. "Taa weka, mwalimu. Lakini geti halizuii mtu ambaye tayari yuko ndani."

Kipkurui akampa ukumbi kila Jumatano.

Huko wasichana walifanya mazoezi ya kukataa kwa sauti, ya kuondoka bila kujieleza, ya kulindana wakienda sherehe. Mwanzoni walicheka. Fancy, msichana wa Chepilat aliyezoea kuongea akitazama chini, alisema "sitaki" tena na tena kabla ya kusikika. Jentrix naye hakuchoka kuwaambia: "Sauti ikikataa kutoka siku utakapoihitaji, kosa bado si lako. Ni la aliyekukosea."

Muhula huo wa mazoezi haujaisha, Kipngeno, mwanafunzi aliyeongoza kwaya ya chuo, alimwita Fancy, mwimbaji wake, chumbani kwake achukue nyimbo mpya. Alipoingia, akafunga mlango na kusimama mbele yake.

"Fungua," Fancy alisema. "Sitaki, na Dorine ananingoja hapo nje."

"Si nakutania tu."

"Mimi sitanii." Safari hii majirani walisikia. Dorine, rafiki yake, akagonga kwa nguvu. Mlango ukafunguliwa.

Asubuhi Fancy na Dorine walikuwa kwa Jentrix. Fancy alieleza yote. Baadaye msichana mwingine alijitokeza akamtaja Kipngeno. Yeye, siku Kipngeno alipomdhulumu, alikuwa ameganda, hakuweza kutamka neno. Jentrix alimsindikiza hospitali, kisha polisi. Kipngeno alisimamishwa masomo, naye akafikishwa kortini.

Kipkurui mwenyewe ndiye aliyeomba wanaume pia wawe na kipindi chao. Siku ya kwanza kijana mmoja aliuliza, "Madam, nitajuaje kama msichana amekubali?"

"Muulize," Jentrix alisema. "Akinyamaza, hajakubali."

Kijana aliitikia kwa kichwa. Wiki iliyofuata ilibidi viti viongezwe.